Muulize Bi Mwalimu: Watoto wameshajiita vilaza, nianzie wapi?

Habari zenu wapenzi wasomaji. Tangu matokeo ya kidato cha pili yatoke barua ninazopata ni za wimbo mmoja tu, watoto waliofeli au waliopita kwa mbinde, na watu wazima waliokaa wanawaangalia hawajui wawafanyeje. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, nivumilieni, hayo ndo yalikuwa maisha yangu kwa miaka 31 ya chaki.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mwaka wa pili huu kazini, nipo shule ya kata huku mkoa wa Lindi. Mkuu wa shule kanikabidhi watoto 38 wa kidato cha tatu, wote hesabu walipata F, kanipa jumatano na ijumaa kuanzia saa nane na nusu mchana mpaka saa kumi kasoro, wiki kumi, anasema niwajengee kujiamini. Mama hao watoto nikiuliza swali wote wanaangalia chini kama wamedondosha sarafu. Mmoja kaniambia kabisa, mwalimu usijisumbue, sisi ni vilaza. Nilifikiria nimlete motivesheni spika kutoka mjini awaamshe, halafu niende mbio na topiki za kidato cha tatu ili wawafikie wenzao. Wenzangu ofisini wanasema bila fimbo hao hawaendi. Nipangeje? (Mwalimu kijana)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kazi na hongera kwa kuuliza kabla hujaanza, maana wengi wetu tunauliza tukishaharibu.

Huyo motivesheni spika mwache mjini kwake. Sina ugomvi nao, wengine wananichekesha hata, ila nimeshuhudia kwa macho yangu, anakuja na maiki yake, watoto wanapiga makofi, wanarusha mikono juu "naweza! naweza!", jumatatu wanakutana na hesabu zilezile za sehemu, nusu na theluthi, na hawaziwezi vilevile, sasa hapo umewaongezea aibu juu ya aibu kwa sababu ijumaa waliapa mbele ya watu kwamba wanaweza. Kujiamini hakuingilii masikioni. Mtoto anajiamini akishafanya kitu alichodhani hakiwezi na akakiona kimekubali. Mwanasaikolojia mmoja Albert Bandura aliliandika hilo mwaka 1977, akasema mtu kuamini kwamba anaweza kuna vyanzo vinne, na chenye nguvu kuliko vyote ni kuwa ulishawahi kufanya ukafanikiwa. Kingine ni kumuona mtu wa hali yako akifanikiwa, kingine maneno ya kutiwa moyo, na kingine hali ya mwili wenyewe, moyo kudunda, jasho, uchovu. Yani maneno yapo ila siyo nguzo ya nyumba. Ile hela ya spika usiirudishe lakini, nunua unga wa uji, nitakwambia kwa nini.

Na topiki za kidato cha tatu nazo usianze nazo. Najua inauma, azimio la kazi linakusubiri na mwalimu wa taaluma anakuuliza umefika wapi, ila mtoto asiyejua robo tatu ya 60 ukimletea fankisheni unamzika akiwa hai. Mwaka 2009 nikiwa shule moja mkoa wa Morogoro nilipewa kundi kama lako, nikafanya hilohilo unalotaka kufanya, nikakimbia. Wiki ya tatu wakawa wanakuja nusu, ya nne wakaja tisa. Na wenyewe walishalipa jina lile darasa, wanaliita ICU, "leo zamu yetu ICU", wenzao wakiwaona wanaingia wanawapa pole kama wafiwa. Mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke, maana lile jina hawakulitunga watoto, nililitunga mimi kwa kuwaita majina paredi mbele ya shule nzima.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabla hujafundisha chochote, usiwaite paredi. Zungumza nao mmoja mmoja au wawili wawili, na ongeza watoto sita saba wa kawaida waliotaka wenyewe kuja, ili mtu akipita dirishani asiweze kujua nani kaletwa na nani kajileta. Jina waache wachague wao, mwaka uliofuata wa kwangu walijiita Klabu ya Jumatano, halina maana yoyote na ndo uzuri wake.

Halafu wape karatasi ya maswali 15, siyo ya kidato cha tatu, ya darasa la nne mpaka la saba. 304 kutoa 187. Saba mara nane. Robo tatu ya 60. Nusu jumlisha theluthi. Hakuna kuandika jina, kila mtu aweke alama anayoijua mwenyewe, ua, samaki, chochote. Wasahihishe wenyewe wewe ukusanye. Hapo utaona kitu cha ajabu, utakuta hawajavunjika kote, wamevunjika mahali pawili au patatu tu, kwangu mimi ilikuwa sehemu, watoto karibu wote walikwama kwenye sehemu, na kila kilichokuja juu yake, uwiano, asilimia, aljebra, kikawa kimejengwa juu ya shimo. Sasa wewe una vipindi 20 jumla, ukitumia sita kuziba shimo hujapoteza kitu bwana.

Nikupe mfano mmoja ambao ndo ulinibadilisha mimi. Kulikuwa na binti hajawahi kuongea darasani tangu afike, hata jina lake nililijua kwenye rejista. Nikaja kujua asubuhi kabla ya shule anauza vitumbua kwa mama yake stendi. Siku moja nimechoka nikamgeukia ghafla tu kama mteja, "nipe vitumbua saba vya mia mbili mbili, elfu mbili hii hapa", sijamaliza sentensi kashasema mia sita mama. Darasa likacheka, siyo kumcheka, lile la kushangaa. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni 2000 − 7x = 600, nikamwambia sasa tuseme nimesahau bei ya kitumbua, nitafutie. Akaangalia ubao, akaangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini "mia mbili, si ni mia mbili?", nikamuuliza umejuaje, akasema elfu mbili toa mia sita imebaki elfu moja na mia nne, gawa kwa saba. Nikamwambia mwanangu hiyo ndo aljebra, ile uliyopata F. Hakuniamini. Alikuja ofisini jioni kuniuliza kama nilikuwa namtania.

Hicho ndo utafute mwanangu, kwa kila mmoja wa hao 38, mahali ambapo tayari anaweza bila kujua kwamba ni hesabu. Huko kwenu kuna watoto wanapima korosho kwa kilo, kuna wanaouza samaki kwa fungu, kuna wa bodaboda anayejua mafuta ya elfu tano yanamfikisha wapi na kumrudisha. Anzia hapo, halafu wewe ndo uvuke daraja uje na alama za ubaoni, usimsubirie ng'ambo.

Kipindi chenyewe kipange hivi, ila usikifanye msahafu. Dakika kumi za mwanzo ni maswali ambayo una uhakika kila mtu atapata, kila mtu kweli, siyo wengi. Hayo ni ya kuwashia moto. Halafu kitu kimoja kipya, kimoja tu jamani, tunapenda sana kubandika vitatu. Halafu wafanye wawili wawili, na kwenda ubaoni waende wawili wawili pia maana ubao kwa mtu mmoja ni kama kizimbani. Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni vibao vidogo, nilimuomba fundi seremala mabaki ya hadibodi akanikatia, tukapaka rangi nyeusi wenyewe, kila mtoto na kipande chake cha chaki. Ukiuliza swali wote wanaandika, ukihesabu tatu wote wananyanyua juu kwa pamoja, hakuna aliyenyoosha na asiyenyoosha, na wewe kwa sekunde mbili umeshaona nani kapotea bila kumtaja.

Ukiuliza swali kwa mdomo, nyamaza. Kuna mtafiti wa Marekani aliitwa Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alikaa akasikiliza rekodi za madarasani akagundua mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde moja hivi halafu anaruka kwa mwingine au anajibu mwenyewe. Wakisubiri sekunde tatu tu au zaidi, watoto wanajibu kwa urefu na wale wa kimya wanaanza kuongea. Sekunde tatu ni ndefu mwanangu, jaribu, utahisi kama umesimama uchi. Hesabu kimoyomoyo.

Lugha nayo. Hao watoto wamesoma miaka saba kwa Kiswahili halafu Januari ya kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza, na tangu shule za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi kwenye MMES, yani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kuanzia 2004 hilo ndo tunaishi nalo kila siku. Kuna shule mpaka leo mtoto akiongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Sasa ukimuona yuko kimya utajuaje kama hajui hesabu au hajui kuisema? Kwenye klabu yako waache wafikiri na kubishana kwa Kiswahili, mwishoni andika ubaoni sentensi fupi mbili tatu za Kiingereza za kusemea walichokifanya, wazisome wote pamoja, maana mtihani utakuja kwa lugha hiyo na hautamuonea mtu huruma.

Makosa yape heshima. Mimi kila ijumaa nilikuwa na kosa la wiki, nachagua kosa zuri bila jina la mtu, tunalichambua kama polisi. Mfano wanaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Usiseme "mmekosa". Waulize, huyu aliwaza nini? Watakwambia kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, sawa, ina mantiki yake. Sasa waulize, ulikuwa na nusu mkate, nikakuongezea theluthi, ukaishia na mbili ya tano ambayo ni ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo, nani kakuibia? Siku hiyo darasa langu lilichangamka ubishi ukaendelea mpaka kwenye foleni ya maji.

Kusifia pia kuna namna. Usimwambie mtoto "wewe una akili sana", najua inatoka kwa upendo. Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha utafiti wao, watoto waliosifiwa kwa akili walipopewa uchaguzi walikimbilia kazi nyepesi ili wasipoteze ile sifa, waliosifiwa kwa juhudi wakachagua ngumu. Wewe sifia kitu alichofanya, "hapa ulirudi ukahakikisha, nimeona", basi, imetosha.

Fimbo. Ofisini watakucheka, waache wacheke. Kwanza kanuni za serikali za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zenyewe zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu, kwa hiyo hicho cha kila mtu kuzunguka na fimbo kwapani hata sheria haikijui. Pili hesabu anayoifanya mtoto anayeogopa ni kuhesabu dakika za kengele. Na wakikwambia hawa ni wajinga tu wakumbushe matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yalipotoka Februari 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata ziro, kabla serikali haijayafuta na kuyapanga upya. Tuliambiana ofisini watoto hawana akili. Nchi nzima, mwaka mmoja? Nilinyamaza siku ile na ninajuta kunyamaza.

Sasa uji. Saa nane na nusu mchana mtoto aliyetembea kilomita sita asubuhi na hajala unataka ajiamini kwa kutumia nini? Ongea na wazazi, hata debe la mahindi kwa kila kaya, wengine watatoa kuni, wengine sukari. Na kama mkuu atakubali hamishia asubuhi, ikishindikana hakikisha wasichana wanafika nyumbani jua lipo. Halafu angalia macho yao, na hapa namaanisha macho kweli, kuna mtoto nilimuita mzito miaka miwili kumbe haoni ubaoni.

Wiki ya saba au ya nane fanya hiki, ongea na shule ya msingi jirani, wapeleke watoto wako wakafundishe sehemu darasa la sita, wawili wawili, dakika ishirini. Wangu walikataa katakata, wakasema tutachekwa. Siku ile walivaa mashati yaliyopigwa pasi sijawahi kuona. Mtoto wa darasa la sita akanyoosha mkono akamuita mmoja wao "mwalimu", kijana aligeuka nyuma kuangalia nani kaitwa. Na badala ya spika tafuta mtu wa hapohapo kijijini aliyesoma shule hiyohiyo akafeli hesabu akarudia, sasa ni fundi umeme au nesi, aje akae nao kwenye dawati awaonyeshe hesabu anazotumia kazini, hana haja ya maiki.

Mwisho, kupima. Wiki kumi hazitakupa A, na usiwadanganye. Mtoto aliyetoka 8 akafika 24 kazidisha mara tatu lakini kwenye karatasi ya matokeo bado ni F, maana D inaanzia 30. Mfumo haumuoni, kwa hiyo inabidi aonekane kwenye daftari lake mwenyewe. Kila kipindi dakika tano za mwisho waandike tarehe na kitu kimoja ambacho leo nimeweza na juzi sikuweza, kwa Kiswahili, mstari mmoja. Na wewe hesabu vitu viwili, maswali mangapi wameacha wazi bila kujaribu, na wangapi wamekuuliza swali bila kuitwa. Hivyo viwili vikianza kusogea njoo uniambie.

SWALI: Bi Mwalimu habari za siku nyingi. Kijana wangu yuko kidato cha tatu hapa Tanga, darasani wa 97 kati ya 110. Dada yake alipata divisheni wani shule hiyohiyo, kila siku namwambia muige dada yako lakini ndo kwanza anazidi kujifungia chumbani. Nimuongezee tuisheni ziwe siku zote saba? (Mama Tanga)

JIBU: Dada yangu nakupenda ila hapo kwenye muige dada yako ndo pamekwamia gari. Huyo dada siyo mtu wa hali yake, kwake yeye ni ushahidi wa kila siku kwamba yeye ndo tatizo. Nyamaza kuhusu dada mwezi mzima, uone. Tuisheni siku mbili zinatosha, na muulize anayemfundisha kama anarudi nyuma kuziba mapengo au anasukuma madesa tu, kama ni madesa umelipia kivuli. Usimuulize umepata ngapi, mwambie nionyeshe daftari, nielezee hili, hata kama wewe hulielewi, tena afadhali usilielewe, atakufundisha. Na alale, mtoto wa miaka 16 anayelala saa sita usiku anaamka saa kumi alfajiri hata wa kwanza angekuwa wa 97.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi niko kidato cha pili ni msichana. Huwa najua jibu lakini nikitaka kunyoosha mkono moyo unadunda mpaka nahisi wenzangu wanausikia, nashusha. Juzi fizikia mwalimu aliuliza masi ni kilo 5, mchapuko ni 2, kani ni ngapi, nikajua ni 10, sikusema, mtu akasema 7 na mwalimu akakasirika tukasimama wote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Moyo kudunda siyo dalili kwamba hujui, hata mimi nikisimama mbele ya wazazi kwenye mahafali unadunda hivohivo. Kesho ukisikia swali usinyooshe kwanza, andika jibu kwenye daftari, halafu nyoosha mkono usome ulichoandika, kusoma ni rahisi kuliko kusema. Au mfuate mwalimu wa somo unaloliogopa kidogo kuliko mengine umwambie pembeni, mwalimu jumatano naomba uniite kwenye swali la kwanza, nitakuwa nimejiandaa. Wengi watakubali, kwa kweli wanafurahi. Na lile jibu lako la juzi ni sahihi, ila kwenye mtihani usiliache 10 peke yake, andika newton 10, maana newton ndo kipimo cha kani.